Senje Ambaye Hakuwahi Kuingia Majini

Mimi ni fundi wa mabomba mwenye diploma, na ninaitaja diploma hiyo mapema kwa sababu niliilipia kwa panga. Misimu mitatu nilikata miwa katika mashamba ya Mumias, mikono ikapasuka, shingo ikababuka kwa majani, na kila nilichopata kikaenda kwenye karo ya chuo cha ufundi. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nilipohitimu niliweka panga chini nikashika spana, nikaenda Doha, na hadi leo kule kuna hoteli mbili ambazo wageni wake wanaoga maji yanayopita katika mabomba niliyoyafunga mimi. Niliporudi Kakamega nilijenga nyumba ya mawe yenye bafu mbili ndani, ya kwanza katika kijiji chetu nje kidogo ya mji. Watu walikuja kuvuta maji ya choo ili waone yanavyoenda. Niliwaacha wavute.

Mtu wa namna hiyo hazoei kumshukuru mtu. Mimi nilijifunza nikiwa mbali.

Binti yangu alizaliwa nikiwa Doha, miezi miwili kabla ya wakati wake. Mke wangu alipoteza damu nyingi akalazwa wodi nyingine, hajitambui. Mtoto alitakiwa abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto la mtu. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na upande wa mke hakukuwa na mwanamke wa karibu. Aliyembeba ni jirani yetu wa upande wa mto, mama aliyepita miaka sitini, ambaye hatuna naye damu moja. Hata hivyo tangu utoto wangu ninamwita senje, jina tunalomwita dada ya baba. Senje alifunga nyumba yake kufuli, akaacha maharagwe yake yaliwe na magugu, akakaa hospitali siku kumi na tisa na mtoto wangu ndani ya blauzi yake. Alikuwa akimpa muuguzi tu, dakika chache, aende kunawa uso.

Siku mke wangu alipopata nguvu ya kushika simu, nilimwomba ampe senje.

"Senje," nikamwambia, "nikirudi huyu mtoto atabatizwa, na wewe ndiye utakayesimama naye kanisani. Wewe na si mwingine."

"Wewe rudi kwanza," akanijibu. "Simu yako inakwaruza."

Nilirudi mtoto akiwa na miezi minane, ana mashavu, anang'ang'ania masikio ya watu. Neno langu nilikuwa nalo kichwani kama nilivyolitamka. Kwetu mwanamume akisema mbele ya wanawake wawili, amesema.

Sasa nieleze shida ilipokuwa. Sisi ni Waorthodoksi. Wasiotujua hudhani hilo ni kanisa la Wagiriki, lakini babu yangu hakumwona Mgiriki kwa macho mpaka mvi zilipomjaa, na tayari alikuwa ameimba "Bwana hurumia" kwa Kiluhya miaka mingi. Senje ni wa Kanisa la Marafiki, Frenzi kama tunavyowaita huku. Kwao hakuna ubatizo wa maji. Hawabatizi mtoto, hawabatizi mzee. Wanasema ubatizo ni wa Roho, unafanyika ndani ya mtu, na anayeutaka atulie ausikie. Hilo kila mtu Kakamega analijua, nami nililijua. Nilidhani tu kwamba mtu aliyepitisha maji ya moto ghorofa ya thelathini hatashindwa kupitisha jambo hili.

Nilikwenda kwa padri wetu. Ni mtu wa hapa hapa, ana mke na watoto watano, na siku hiyo nilimkuta akifunga ndama. Nilimwambia nina wasimamizi wawili: senje, na rafiki yangu wa Butere, Mkatoliki, tuliyelala naye chumba kimoja Doha miaka minne.

Padri alifunga fundo lake kwanza.

"Frenzi na Mkatoliki," akasema. "Na Morthodoksi yuko wapi?"

"Mimi si niko, Padri?"

"Baba hasimamii mwanawe. Fundi, msimamizi ndiye kinywa cha mtoto. Anamkana shetani kwa niaba yake, anakiri Imani kwa niaba yake, kisha anamlea katika hiyo Imani. Atakiri vipi imani ambayo si yake?"

Nikaanza kumweleza kuhusu siku kumi na tisa. Alisikiliza mpaka mwisho, sitasema hakusikiliza. Kisha akaniwekea utaratibu: msimamizi mmoja lazima awe Morthodoksi. Mkristo wa kanisa lingine anaweza kusimama kando yake kama shahidi, mradi awe amebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akanipa fomu.

Rafiki yangu alikuja kutoka Butere na cheti chake cha ubatizo kwenye bahasha, kama mtu anayetafuta kazi ya serikali. Akacheka alipoona sehemu ya shahidi. "Fundi, mimi huyu mtoto nimemwona kwenye simu tu, na bado niko ndani. Senje wako je?"

Hilo swali lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Mtu aliyempungia binti yangu mkono kwenye skrini alikuwa na nafasi, na mtu aliyempa joto la mwili wake hakuwa nayo.

Kwa nafasi ya Morthodoksi niliandika mhadhiri mmoja wa chuo, mama wa heshima, mwenye gari, anayesoma waraka kanisani kwa sauti ya redio. Kwa nafasi ya shahidi wa kwanza nikamwandika rafiki yangu. Shahidi wa pili, senje. Mbele ya jina lake palikuwa na swali: amebatizwa kwa maji? Kalamu yangu haikusita. Nikaandika: Ndiyo.

Ninaliandika hili hapa kwa sababu mimi ni mtu wa kusema nilichofanya. Doha nilijaza fomu nyingi, na nilichojifunza ni kwamba fomu ikishajazwa haiulizi tena. Nilichosahau ni kwamba Kakamega si Doha, na kwamba padri mwenye ndama ana muda wa kuuliza.

Jumapili moja baada ya liturujia padri alitaka kuwaona wasimamizi wote. Senje alikuja akitoka kwenye ibada yake, amevaa kitambaa cheupe kichwani, ameshika Biblia. Padri alimpa kiti, akamuuliza habari za shamba, na ndipo akatazama fomu.

"Mama, wewe ulibatizwa wapi?"

"Sijabatizwa, Padri. Sisi hatuingianga majini."

Chumba kilikuwa kidogo, mimi na mhadhiri tulibanana mlangoni. Rafiki yangu wa Butere alianza kuichunguza picha ya mtakatifu ukutani kana kwamba kuna mtihani. Padri aliigeuza ile karatasi ili senje aione. Senje alitoa miwani yake mfukoni, akaivaa, akasoma polepole.

"Nani aliandika hapa ndiyo?"

"Mimi, senje."

"Kwa nini?"

"Ili usimame."

Alivua miwani. Mtu asiyewajua Marafiki wa huku hataelewa kilichotokea usoni pake. Hawa ni watu ambao hata mahakamani hawaapi, kwa sababu kwao ndiyo ni ndiyo kila siku, si siku ya kiapo peke yake. Nilikuwa nimechukua jina lake nikalitolea ndiyo ambayo hakuisema.

"Padri, mpe kalamu," akasema. Kisha akanigeukia. "Futa."

Nikafuta, mbele ya watu wanne, mimi mwenye diploma.

Padri naye alisema lake. Alisema ubatizo unaanza kwa kumkana baba wa uongo, hivyo hatutauanza na uongo mkononi. Niende nikaungame, nikaombe radhi, nirudi na majina ya kweli. Tarehe tuliyokuwa tumepanga akaiondoa. Na senje, tulipotoka nje, alinipa neno moja tu kabla hajashika njia yake.

"Mwanangu, usiniibie cheo ukaniletea kama zawadi."

Nyumbani mke wangu hakunionea huruma. "Baba mtoto, wewe unafunganga kila kitu kwa spana," akasema. "Mtu hafungwi kwa spana." Akanishauri tuache mambo ya senje, tumpe kanga na kuku, ubatizo uendelee. Wengi wangefanya hivyo. Nilikataa. Kuku ni wa kumshukuru mtu aliyekusaidia kuvuna. Mimi nilikuwa nimetoa neno, na neno langu ndilo limenifikisha nilipo. Aliyeniajiri Doha hakujua kabila langu wala ukoo wangu, alijua tu kwamba nikisema bomba halitavuja, halivuji.

Nilikwenda kuungama. Kisha nikaenda kwa senje siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alikuwa akipalilia maharagwe, hakuinua kichwa. Siku ya pili nilikwenda na jembe langu, nikapalilia mstari wa pili, hakunifukuza. Siku ya tatu, tulipofika mwisho wa shamba, nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe tangu ile siku ya kwanza, ila maharagwe yalikuwa mengi.

Nikapata ujasiri. "Senje, na ukibatizwa? Padri atakubali. Ni siku moja tu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Uzee wangu wote nimekaa nikimsikiliza Mungu bila tone la maji, leo niingie kwenye beseni lenu nipige chafya? Nikifanya hivyo kwa ajili ya mtoto, wa kwanza kudanganywa atakuwa huyo mtoto."

"Basi niambie nifanye nini, maana sitaacha."

"Kaa," akasema.

Tukakaa kwenye nyasi za mpaka. Marafiki wana hii desturi: jambo likiwa gumu wanakaa kimya pamoja mpaka mmoja apate la kusema. Mimi si mtu wa kimya, watu wananijua. Nilianza kuhesabu mistari ya maharagwe, nikaanza kufikiria kazi ya tangi niliyoiacha Navakholo, nikafikiria mhadhiri na gari lake. Hapo ndipo lilipokuja, na sikuona haya kulisema.

"Senje. Huwezi kusimama. Sawa. Chagua wewe atakayesimama."

Alinigeukia. "Hilo padri atalikubali?"

"Padri anataka Morthodoksi. Hakusema nani amchague."

Nilirudi kwa padri, nikamweleza, bila kuongeza chumvi. Alifikiri, akasema wazazi wana ruhusa ya kushauriwa na yeyote wanayemwamini, na kwamba kwa mara ya kwanza nimemletea jambo asiloweza kulipinga. Hiyo nayo nimeiweka kwenye orodha ya ushindi wangu.

Senje hakuuliza mtu ana shahada gani. Aliomba wanawake wa kanisa letu walio tayari waje nyumbani kwake, mmoja mmoja, wakae naye. Kukaa tu. Mhadhiri alikuja kwa gari lake, akakaa, na kwa nusu saa simu yake iliita mara nne, mara zote alisema "samahani, mama, hii ni ya ofisi." Senje alimpa chai, akamsindikiza. Wa pili, kiongozi wa kwaya, alikaa kimya mpaka dakika ya kumi hivi, akaanza kumweleza senje makosa ya kanisa la Marafiki. Naye akapewa chai.

Wa tatu alikuwa bibi mmoja mjane, tunayemwita kukhu, yaani nyanya, ambaye kazi yake kanisani ni kuoka mkate wa liturujia na kufagia. Hajui kusoma. Siku za soko anauza ndizi mbivu. Nilikuwa nikitengeneza bomba la senje nje siku hiyo, hivyo niliwaona mlangoni. Kukhu aliingia, akasalimia, akakaa. Hawakusema kitu. Baada ya muda senje alivuta ungo wa maharagwe makavu, kukhu akasogea, wakawa wanachambua pamoja, mawe huku, maharagwe huku. Nilimaliza bomba, nikafungua maji, nikafunga, nikakusanya vifaa, na bado walikuwa hapo, hawajasema neno.

"Huyu," senje aliniambia kesho yake.

Nilipinga, sitaficha. "Senje, kukhu hajui hata kuandika jina lake. Nasadiki, yale maneno ya kukiri Imani, ataisomaje?"

"Kwani mtoto atamwomba amwandikie barua?"

"Lakini mhadhiri..."

"Mwanangu, ulisema nichague au ulisema nichague unayemtaka wewe?"

Niliandika fomu upya, kila neno la kweli, na kwa jina la msimamizi kukhu akaweka kidole gumba.

Kuhusu siku yenyewe nitasema kwanza juu ya kazi yangu, maana niliifanya vizuri. Zamani kanisa letu lilibatiza watoto kwenye beseni la plastiki. Nililichomelea birika la chuma cha pua, refu la kutosha mtoto azame wote, na bomba lake la kutolea maji nikalipitisha chini ya sakafu hadi kwenye maua nyuma ya altare, kwa sababu maji yale hayafai kumwagwa mahali pa kukanyagwa na watu. Maji niliyachemsha mwenyewe na kuyachanganya kwa kipimajoto nilichotoka nacho Doha.

Tulianzia mlangoni, ilivyo desturi. Kukhu alimbeba mtoto, wakageukia magharibi, padri akauliza kama anamkana shetani. Kukhu alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na alipoambiwa amtemee mate, alitema kweli, hadi nje kwenye kokoto. Rafiki yangu wa Butere, na mshumaa wake wa ushahidi, alininong'oneza, "Huyu ana ugomvi naye wa siku nyingi." Kisha wakageukia mashariki, na kukhu akaanza Nasadiki. Hakuwa na karatasi. Alisema yote kwa kichwa, bila kuruka, bila kukwama. Mimi huwa nakwama katikati nikiwa sina kitabu. Nilisogeza midomo nikimfuata.

Senje alikuwa kwenye benchi la wanawake, mikono mapajani. Tulipofika kwenye birika, padri akainua msalaba kuyabariki maji. Kabla hajafungua kinywa, senje alisimama. Alitoka kwenye benchi, akapita katikati ya kanisa ambalo si lake, akapandisha mkono wa blauzi, akatumbukiza kiwiko.

Watu waliguna. Mama mmoja akasema, "Haya, Frenzi ameingia majini!" Kicheko kikapita.

"Baridi," senje akasema.

"Senje, nimepima," nikamwambia. "Thelathini na saba kamili."

"Umepima chuma au umepima mtoto? Huyu alizaliwa hana mafuta mwilini. Lete mengine ya moto."

Nilimtazama padri. Padri alikuwa ameshikilia msalaba wake juu vile vile. "Fundi," akasema, "lete maji." Nikakimbia na sufuria. Senje akakoroga kwa mkono, akapima tena kwa kiwiko, akapima mara ya tatu, akatikisa kichwa kukubali. Akajifuta kwa kitambaa chake, akarudi kwenye benchi. Ndipo padri akabariki. Binti yangu alizamishwa mara tatu na hakulia hata mara moja, mpaka kukhu alipompokea kwenye shuka jeupe; hapo alilia kwa hasira kwamba ametolewa.

Kwetu mtoto akishabatizwa, msimamizi humpeleka kupokea komunyo Jumapili tatu zinazofuata, na mshumaa wa ubatizo mkononi. Jumapili ya kwanza kukhu alikuja nyumbani kumchukua, akamkuta senje tayari amemwogesha na kumvisha. Ya pili vile vile. Ya tatu niliamua kwenda nao kwa miguu, gari nikaliacha, ingawa ni jipya na watu walikuwa hawajaliona vizuri.

Njiani nilimwambia senje kilichokuwa kikinisumbua. "Nilikuahidi utasimama naye kanisani. Sikuweza."

"Uliahidi kitu ambacho hukuwa nacho," akasema. "Kanisa si lako. Sasa nyamaza, utamwamsha."

Alikuwa amembeba mgongoni, mtoto amelala, shavu limebonyea kwenye bega lake. Kukhu alitembea kando yake na mshumaa, nao walizungumza juu ya bei ya ndizi na mvua iliyokawia. Kwenye njia panda, barabara ya murram inapogawanyika, moja kwenda kwenye kanisa letu na nyingine kwenda kwenye kanisa la Marafiki, walisimama. Senje alifungua kanga, kukhu akageuza mgongo wake akainama, na mtoto akahama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine bila kufumbua macho. Senje aliikaza kanga kifuani kwa kukhu, akaivuta mara mbili kuhakikisha.

"Akimaliza mumlete kwangu ale," akasema, akaondoka na Biblia yake.

Nami nikachukua mshumaa, kwa sababu mikono ya kukhu ilikuwa na kazi, nikatangulia.